Neno la Tano Bado Sijalipata

Msinipigie tena kuniuliza kama masanduku ya kadi yako tayari. Hayako tayari. Najua mmeshampata mtu wa kuyaingiza maneno yote kwenye simu, najua mmewaahidi wachezaji kwamba kabla ya mashindano yajayo kila mmoja atakuwa na orodha mfukoni, na najua mnanong'onezana kwamba bibi huyu amezeeka na hataki kuachia. Kuzeeka nimezeeka. Lakini lipo jambo sijawaambia, na nikiwaambia kwa mdomo mtacheka, kisha mtasema "haina shida, mama," na mtaondoka na sanduku. Ndiyo maana nimeona niandike.

Kwa mliojiunga na chama juzi: mimi nilikuwa mpiga chapa katika kituo cha walimu hapa Biharamulo. Hiyo ndiyo kazi iliyonipa pensheni. Iliyonipa jina ni ile ya pili, ya kutunza orodha ya maneno ya wachezaji wa vigae vya herufi. Neno likiwekwa mezani na mwenzako akalikataa, mnafungua kitabu. Likiwemo, pointi ni zako. Lisipokuwemo, unaokota vigae vyako na zamu inakupita. Kitabu hicho nimekiandika mimi, toleo baada ya toleo, neno na maana yake, tangu wachezaji tulipokuwa tunaenea kwenye benchi moja mpaka leo ambapo vilabu viko Ngara, Biharamulo na pale njia panda ya Nyakanazi.

Ninyi mmekuta vigae vizuri. Sisi tulianza na seti ya Kiingereza aliyoiacha mwalimu mmoja, na ilikuwa mateso. Q na X zinakukodolea macho, A zimekwisha kabla mchezo haujachangamka, na C haina kazi bila H. Tukamwendea seremala akatukatia vigae vyetu kutokana na mabaki ya mbao za milango. Mimi nikachukua magazeti ya zamani, nikawa nahesabu herufi kwa vijiti vya kiberiti ili tujue A ziwe ngapi na K ziwe ngapi. CH tukaiandika kwenye kigae kimoja. Seremala aliniuliza kama ofisini kwetu hakuna kazi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Sefu, mwenye duka la vitambaa mjini. Babu yake alitoka pwani, na yeye hakukubali hata siku moja kwamba watu wa huku tunazungumza Kiswahili. Mimi Mhangaza wa Ngara, l na r zilikuwa zinanichezea zitakavyo. Nikisema naenda "kurara," anacheka mpaka anashika kaunta. "Binti, Kiswahili chako kimevaa sare ya shule," alikuwa akiniambia. Lakini alinivumilia kuliko mwalimu yeyote niliyepata kuwa naye, na kanuni zote mnazozitumia ni zake.

Kanuni ya kwanza ni ile mnayoilalamikia, ya kutoa maana. Walimu walikuwa wanakariri maneno mafupi kama kasuku, wanayapanga mezani bila kujua ni mdudu au ni ugonjwa. Mzee Sefu akasema hapana: ukikataliwa neno, unasimama, unatoa maana yake kwa sauti, ndipo kitabu kinafunguliwa. Ukishindwa, unaokota vigae hata kama neno limo. Sijasikia kwingine wanakocheza hivyo. Huku kwetu, ambako wengi tumekutana na Kiswahili darasani na sokoni, kanuni hiyo iligeuza kitabu cha mchezo kikawa shule. Sikuliona hilo mapema, na ndilo lililonifikisha hapa.

Kanuni ya pili ni ya mashahidi. Neno haliingii mpaka lipate watu wawili wasiojuana, wanaolitumia katika shughuli zao. Mbele ya kadi unaandika neno na maana. Nyuma unaandika majina ya mashahidi, mahali, na walikuwa wanafanya nini waliposema neno hilo. Na humuulizi mtu, "Hiki mnakiita hivi?" Hilo nililijifunza kwa aibu. Nilikwenda Nemba na daftari langu, nikamkuta mzee anapalilia migomba, nikaanza kumwonyesha vifaa vyake na kumtajia majina. Mundu? "Ndiyo, mwanangu." Sururu? "Ndiyo, mwanangu." Nikarudi na kadi kumi na mbili, kichwa juu. Mzee Sefu akazisoma, akaniangalia, kesho yake tukarudi wote. Akamwamkia mzee, akaonyesha jembe lake, akauliza kama wanaliita sufuria. "Ndiyo, ndugu yangu," mzee akajibu kwa upole kabisa. Amepata wageni wametoka mjini, wamechoka, awakatalie kwa sababu gani?

Basi unakaa. Unasaidia kupalilia. Unasubiri mpaka amwambie mkewe amletee kile kitu, na hapo ndipo unaandika. Nimepalilia mashamba ya watu katika wilaya hizi mbili kuliko shamba langu mwenyewe.

Nimeinuka kidogo kwenda kuangalia sanduku la K. Sikupata nilichotaka. Tuendelee.

Wa Nyakanazi walikuwa na vurugu zao. Madereva wa malori wanalala pale siku mbili tatu wakisubiri kipuri au mzigo, na mtu aliyezoea kwenda hawezi kukaa bure, kwa hiyo wanacheza. Kuna mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aweke "sumbua," yeye anatanguliza vigae vyake mbele, inakuwa "atatusumbua," anadai pointi zote. Nikamwambia kitenzi kinaingia mezani kikiwa uchi, hakuna nani wala lini. Akanijibu, "Mama, mimi nimetoka Kahama na tairi mbili zimepasuka, na wewe unaninyima neno?" Nilimnyima. Nilikuwa mkali, na ukali ule niliupenda, nakiri.

Sasa nisikilizeni.

Mzee Sefu alipofariki nilibaki na kitabu peke yangu. Muda si mrefu muuza karatasi mmoja wa mji wa jirani akaanza kukitoa kopi na kukiuza kama chake. Alikuwa amebadilisha jalada tu. Nilipomfuata akasema maneno ni ya watu wote, mimi nitathibitishaje kwamba amenakili? Nilirudi nyumbani kwa hasira. Katika toleo lililofuata nikaingiza maneno matano ya uongo. Niliyatunga mwenyewe mezani, yakasikika kama maneno, nikayapa maana nzuri zenye kueleweka. Nikayatengenezea na kadi, zenye mashahidi wawili wawili wa kutunga, ili hata anayenisaidia kupiga chapa asiyagundue. Sikuandika popote kwamba ni ya uongo, nikiogopa karatasi ingeonekana. Nilijiambia matano tu, nani anasahau vitu vitano?

Mtego ulinasa. Toleo lake lilipotoka, neno la kwanza nililolitafuta lilikuwa "mshegwe," nililolieleza kuwa ni njia nyembamba isiyolimwa inayotenganisha mashamba mawili. Lilikuwemo, na maana yangu neno kwa neno. Nilimwendea dukani kwake, wateja wakiwapo, nikamwomba aniambie amelipata kwa nani. Alibabaika mpaka nikamwonea huruma, kisha sikumwonea. Nilicheka njia nzima ya kurudi. Na kwa furaha ile sikuyaondoa. Kila toleo nikasema nitayatoa lijalo, baadaye nikaacha hata kusema.

Devota mnamjua wote, lakini huenda hamjui alivyoanza. Alikuja Nyakanazi kutoka kwetu Ngara akiwa na darasa la saba na Kiswahili cha kuhesabia chenji. Alikuwa anauza chakula pale madereva wanapocheza. Mtu akisimama kutoa maana, yeye anaacha mwiko chunguni anasikiliza. Baadaye akanunua kitabu changu. Akawa anasoma ukurasa mmoja akisubiri maharage yaive, anarudia maana kwa sauti mpaka zimekaa. Alikuja kuwafunga madereva, akawafunga walimu, akawa anakuja kwangu Jumapili kunisaidia kupanga kadi. Ananiita mama, na mimi nilimchukua kama mwanangu. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba Kiswahili cha Devota nimekilea mimi.

Mwaka jana ofisi moja, sitaitaja, inayosuluhisha migogoro ya mashamba ilitafuta mtu wa kutafsiri Kihangaza na Kirundi kwa Kiswahili. Devota aliomba. Alishona sketi mpya. Kwa mama wa watoto watatu anayesimama kwenye moshi tangu alfajiri, kazi ya kukaa kwenye kiti na kulipwa kwa akili yake haikuwa jambo dogo, na alinitania kwamba akiipata ataninunulia miwani isiyofungwa kwa uzi.

Alikuja kwangu siku ileile ya usaili, mchana, sketi ina vumbi lote la barabara. Hakukaa.

"Mama, shikamoo. Nipe sanduku la M."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Nipe kwanza sanduku."

Akawa ananisimulia huku anapekua kadi. Walimsomea kwa Kihangaza kisa cha ndugu wawili waliogombana, akigeuze. Alianza vizuri, wanaitikia kwa vichwa. Akasema, mdogo mtu alilima akapitiliza mpaka akaumaliza mshegwe. Wakamuuliza, akaumaliza nini? Akawapa maana, amesimama wima, kama tunavyosimama mezani. Wakatazamana. Mwenyekiti akamwambia neno hilo halipo. Devota akasema lipo. Akaambiwa tena kwa upole kwamba halipo, atumie lingine. "Nikawaambia lipo, limeandikwa, na kama hawalijui si kosa langu," akasema. "Mara tatu, mama. Mara tatu nimewabishia. Wakacheka, kisha wakaniambia asante, nenda."

Hapo akaipata kadi. Akaisoma mbele, akaigeuza, na uso wake ukafunguka kabisa. "Hawa hapa! Mzee Gervas wa Nemba, alikuwa anapalilia. Mama Yusta wa Rulenge, alikuwa anapima shamba kwa hatua. Mama, mashahidi wapo! Twende tukawachukue. Nemba si mbali, tuanzie huko leo hii. Waje waseme mbele yao."

Alikuwa ameshavaa viatu, yuko mlangoni, kadi mkononi. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, na mengi nimeyasahau. Ile sura yake pale mlangoni siwezi kuisahau.

"Devota, rudi ukae," nikamwambia. "Nemba hakuna mtu huyo. Nilimtunga. Na huyo wa Rulenge nilimtunga. Neno lenyewe nililitunga."

Hakupiga kelele. Aliiweka kadi mezani polepole, akauliza ni kwa nini, nikamweleza habari za muuza karatasi. Nilipokuwa nikizisimulia nilisikia zilivyo ndogo.

"Na mengine?"

"Yalikuwa matano."

"Yataje."

Nikalitaja la pili. Nikalitaja la tatu na la nne, tukazitoa kadi zake tukazichana. La tano halikuja. Nilifumba macho, nilitembea chumbani, nilianza kutaja kwa alfabeti. Hakuna kitu. Devota alinisubiri saa nzima, ameketi na mikono mapajani.

"Mama, mimi Kiswahili changu chote kimetoka humu," akasema mwishowe. "Sasa nikifungua mdomo nitaanza kujiuliza, hili nalo je?"

Na ndivyo ilivyokuwa. Wateja wake waliniambia anasimama katikati ya sentensi, analitazama neno kwanza, chakula kinapoa mkononi. Yeye aliyekuwa anabishana na madereva wa nchi tatu akawa anajibu kwa ndiyo na hapana. Hilo nimelifanya mimi. Nisingependa mtu yeyote anipunguzie.

Nilikwenda ile ofisi kesho yake. Waliniamkia, wakanipa kiti, wakanisikiliza mpaka mwisho nilipowaambia kwamba uongo ni wangu na yule binti alisema alichofundishwa. Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu. Akasema wameelewa, ila nafasi imeshapata mtu.

Tangu siku hiyo nalitafuta neno la tano, Jumapili pamoja na Devota. Mnadhani ni jambo la siku mbili, na mimi nilidhani hivyo. Zote nimezipiga chapa kwa mashine moja, karatasi ileile, kwa hiyo kadi haikuambii kitu. Nikasema nitawafuata mashahidi. Nimepanda pikipiki kwa umri huu, nimekwenda Nemba, nimekwenda mpaka Ngara. Wengine wamekufa. Madereva walikuwa wapita njia. Kadi nyingi nilizikusanya Lukole enzi za kambi ya wakimbizi, na mashahidi wale walirudi kwao zamani, wengine sijui hata kama wapo hai. Kwa hiyo nina maneno mengi ya kweli yasiyo na mtu wa kuyasemea, na katikati yake kuna uongo mmoja wenye mashahidi wazuri, kwa sababu niliwatengeneza vizuri. Nikilitilia neno shaka, najikuta nalipenda. Nikilipenda, natilia shaka zaidi. Nasoma nikila, nasoma nikiwa kwenye foleni ya zahanati. Binti yangu amewahi kunificha sanduku la S chini ya kitanda cha wageni, na tuligombana.

Mmoja wenu, sitamtaja kwa kuwa mama yake ni rafiki yangu, alinikuta nakagua kadi, akaniambia: neno moja likikosewa kati ya maelfu lina madhara gani? Sikumjibu siku ile maana nilikuwa na hasira. Jibu langu ndilo hili mnalolisoma.

Na kwa kuwa mtaendelea na kazi hii mimi nikiwepo au nisiwepo: andikeni kila mnachokifanya. Mkitaka kumtega mwizi, mtegeni kwa kitu asichokisoma mtu mwingine. Na shahidi msimtunge hata mkiwa mmechoka, hata mvua ikiwa inanyesha na Rulenge iko mbali. Mtakaa na mtu huyo wa kutunga muda mrefu kuliko mtakavyokaa na ndugu zenu.

Mwezi uliopita yule aliyepewa nafasi alihama, ofisi ikabandika tangazo upya. Devota hakuniambia kama anaomba. Nilisikia kwa watu. Jumapili mbili alikuwa hajaja, na mimi sikuwa na uso wa kumwuliza. Ijumaa akanipigia.

"Mama, shikamoo. Nimepata."

Nikapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Alipopata nafasi ya kusema, akasema: "Sikutumia neno la kitabu chako hata moja. Niliongea kama ninavyoongea na wateja wangu."

Nikamwambia hongera mwanangu, umefanya vizuri. Nilifurahi kweli. Kisha nikakaa jikoni nikalia, na sikulia kwa furaha. Miaka yote ile, na mtu niliyejivunia kumlea amepata riziki yake kwa kulikwepa kila neno nililompa. Nilistahili, lakini kustahili hakupunguzi maumivu.

Sikutegemea kumwona tena Jumapili. Alikuja saa nne, ametoka kanisani, kitenge kipya. Akaniamkia, akatandika mkeka, akalivuta sanduku la P bila kuniuliza tumefika wapi.

"Si umeshapata kazi?" nikamwambia. "Haya ya nini tena?"

"Meza ya chakula nimemwachia wifi yangu. Ametoka Ngara juzi, Kiswahili hana." Akatoa kadi ya kwanza, akaifuta vumbi kwa kidole. "Nimemkuta jana anasubiri maharage yaive, anasoma kitabu chako."